Uzi Ukikatika, Mashine Isimame: Rekodi za Toyota, Njema na Mbaya

Lori la kwanza kuuzwa na Toyota lilikuwa bovu. Liliitwa G1, lilitoka mwishoni mwa mwaka 1935, na liliwaharibikia wenyewe njiani mara nyingi mno. Sehemu kubwa ya kazi ya kampuni siku zile ilikuwa kulifuata lilipokwama na kulitengeneza. Septemba 2023, miaka 88 baadaye, kampuni hiyohiyo ilitimiza magari milioni 300 iliyoyatengeneza tangu lori lile, na leo fundi wa Kisumu, Tabora au Bukavu akitajiwa Toyota haulizi kama spea zitapatikana.

Rekodi za kampuni hii ni nyingi, na nyingine ni za mauzo tu, zinazobadilika kila Januari. Nimezipa nafasi zaidi zile zinazoonyesha sifa yake ilitoka wapi, pamoja na zile za aibu, maana bila hizo hadithi haikamiliki.

Mtambo uliojua kosa lake

Rekodi kongwe kuliko zote haihusu gari. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa 1867, alitumia maisha yake yote kuboresha mitambo ya kufuma nguo. Kazi yake kubwa ilikuja 1924, mtambo ulioitwa Type G. Mtambo wa kawaida wa zama zile, uzi mmoja ukikatika, uliendelea kufuma, na kitambaa kikatoka na dosari mita kwa mita mpaka mtu aone. Kwa hiyo kila mtambo ulihitaji macho ya mtu. Wa Sakichi ulisimama wenyewe papo hapo uzi ulipokatika, na uzi wa kupitisha ulipokwisha ulijibadilishia mwingine bila kusimama. Mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia mitambo kwa makumi.

Mwaka 1929, Platt Brothers wa Oldham, Uingereza, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mitambo ya nguo duniani, alinunua haki za mtambo huo kwa pauni 100,000. Tuzingatie maana yake: nchi iliyoufundisha ulimwengu kufuma kwa mashine ililipia ujuzi wa mtoto wa seremala wa Japani. Miaka minne baadaye mwana wa Sakichi, Kiichiro, akafungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mitambo ya nguo cha baba yake, na mwaka 1937 idara ikawa kampuni kamili.

Kanuni ya Sakichi ilihamia kwenye magari. Mhandisi Taiichi Ohno aliwapa wafanyakazi wa kawaida uwezo wa kusimamisha mstari mzima wa uzalishaji kwa kuvuta kamba, pale tu wanapoona kasoro. Katika viwanda vingi vya wakati ule, kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Gari liliachwa lipite na kasoro yake, lirekebishwe mbele ya safari, au lisirekebishwe kabisa. Ohno aligeuza jambo hilo juu chini. Kosa lililofichwa ndilo lililohesabiwa kuwa hasara.

Ushahidi mkubwa wa kanuni hii ulipatikana Marekani. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilikuwa na sifa mbaya sana, kwa utoro, migomo na magari yenye kasoro, hadi kikafungwa 1982. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walikifungua tena kwa ubia ulioitwa NUMMI, wakawarudisha kazini wengi wa wafanyakazi walewale, chini ya chama kilekile. Kwa muda mfupi magari yao yakawa miongoni mwa yaliyotengenezwa vizuri kuliko yote ya General Motors. Watu hawakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu aliyeona kosa aliruhusiwa kulisema. Kwangu hii ni rekodi kubwa kuliko idadi yoyote ya mauzo.

Siku kampuni ilipokaribia kufa

Mwaka 1950 Toyota ilikuwa na madeni makubwa, benki zikadai wafanyakazi wapunguzwe, na mgomo ukazuka. Kiichiro hakutaka kumfukuza mtu. Iliposhindikana, watu zaidi ya 1,600 waliondoka, naye akajiuzulu kubeba lawama. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza malori ya Toyota kwa maelfu. Kampuni ikapona. Ni jambo zito kulisema, lakini ni kweli: kilichoiokoa ni msiba wa jirani. Kiichiro alifariki Machi 1952 akiwa na miaka 57, kabla ya kurejea kwenye kiti ambacho tayari alikuwa ameombwa akirudie.

Mwaka 1959 mji wa Koromo, yaliko makao ya kampuni, ulibadilisha jina na kuwa Toyota. Si kiwanda kilichopewa jina la mji. Mji ndio ulioitwa kwa jina la kiwanda.

Mwaka 1966, magari mawili

Kama ningeambiwa nichague mwaka mmoja tu wa historia hii, ningechagua 1966, kwa sababu ndani ya majuma machache Toyota iliweka rekodi za aina mbili zisizofanana hata kidogo.

Oktoba ya mwaka huo, kwenye uwanja wa majaribio wa Yatabe, gari la michezo lililoitwa 2000GT, lililoundwa kwa ushirikiano na Yamaha, lilizungushwa usiku na mchana kwa saa 72, mvua na upepo wa kimbunga vikipiga, kwa wastani wa kilomita 206 kwa saa. Lilivunja rekodi 3 za dunia na 13 za kimataifa za daraja lake. Hadi leo ni miongoni mwa magari mazuri zaidi kutoka Japani. Yalitengenezwa 351 tu.

Mwezi uliofuata ikatoka Corolla. Msimamizi wake, Tatsuo Hasegawa, alikuwa mbunifu wa ndege za kivita kabla Japani haijakatazwa kuunda ndege. Alijiwekea sharti kwamba gari lisipungukiwe alama 80 kwa 100 katika jambo lolote, iwe kelele, nafasi, mafuta, usukani au bei, kisha katika machache livuke hapo na kumfurahisha mnunuzi. Nissan ilikuwa imeshatoa Sunny yenye injini ya cc 1,000; Hasegawa na wenzake wakaipa Corolla cc 1,077, na matangazo yakajivunia hizo mia za ziada.

Kufikia 1974 Corolla ilikuwa gari lililouzwa kuliko jingine lolote duniani. Mwaka 2021 ilivuka milioni 50. Ndiyo rekodi inayotajwa zaidi, na ndiyo inayobishaniwa zaidi pia. Wapenzi wa Volkswagen husema Beetle, au kobe kama wengi wetu tulivyoizoea, ilibaki ileile kimsingi kwa zaidi ya magari milioni 21, ilhali Corolla imebadilishwa mwili na injini vizazi 12, kikibaki jina. Hoja yao ina uzito. Tukihesabu gari moja lisilobadilika, Beetle inashinda. Lakini sioni kwa nini kubadilika kuhesabiwe udhaifu. Gari la Hasegawa liliahidi kutopungukiwa, na mahitaji ya watu ya 1966 si ya leo.

Kwa Afrika Mashariki jambo lililozieneza Toyota ni dogo kuliko injini: usukani. Japani, Kenya, Tanzania na Uganda zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, basi gari lililokwisha kutumika Nagoya au Osaka linashuka Mombasa au Dar es Salaam likiwa tayari. Ndipo Hiace zikawa vipanya vya Dar es Salaam na matatu za Nairobi, Noah zikabeba abiria wa Arusha na Moshi, Probox zikateka barabara za mashambani Kenya kwa mizigo ambayo hakuna mhandisi aliyeikusudia, na IST zikawa teksi.

Rekodi nyingine ya kwanza ni ya Desemba 1997: Prius, gari la kwanza duniani lililotengenezwa kwa wingi likiunganisha injini ya petroli na mota ya umeme. Gari la mwanzo la majaribio la timu ya Takeshi Uchiyamada lilikaa siku 49 bila kusogea hata kidogo, wahandisi wakitafuta kasoro iko wapi. Nani leo, akiona magari ya namna hiyo, yaani haibridi, yamejaa bandarini, anakumbuka siku hizo 49?

Kuhusu ukubwa wa jumla, inatosha kusema kwamba Toyota iliipita General Motors mwaka 2008, ikapokonywa nafasi mwaka wa tetemeko na tsunami ya 2011, na kwamba tangu 2020 kundi lake limeongoza dunia kwa mauzo, likifikisha takriban magari milioni 11.2 mwaka 2023.

Uzi ulipokatika na mashine ikaendelea

Rekodi mbaya kuliko zote ni ya 2009 na 2010. Nchini Marekani yalitokea matukio ya magari kuongeza kasi bila dereva kutaka. Sababu zilizothibitishwa ni raba za sakafuni zilizoweza kunasa pedeli ya mafuta, na pedeli zenyewe zilizoweza kugoma kurudi. Watu walikufa. Toyota iliita magari kwa mamilioni yarudishwe kurekebishwa katika nchi mbalimbali, na tarehe 24 Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro na rais wa kampuni wakati huo, aliketi mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi, akikiri kwamba kampuni ilikua haraka kuliko uwezo wake wa kuwafunza watu wake.

Uchunguzi uliofanywa na wahandisi wa NASA haukuona kasoro ya kielektroniki iliyosababisha ajali hizo, na watetezi wa Toyota hupenda kuishia hapo. Mimi siishii hapo. Machi 2014 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, adhabu kubwa kuliko zote za aina hiyo iliyokuwa imetozwa kampuni ya magari hadi wakati ule, na kosa lenyewe lilikuwa kuwapotosha wateja kuhusu usalama. Yaani wapo waliouona uzi umekatika, na kamba haikuvutwa. Kwa kampuni nyingine hiyo ingekuwa kashfa tu. Kwa nyumba ya Sakichi ilikuwa kukana msingi wake.

Na haikuwa mara ya mwisho katika ukoo huo. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba majaribio ya usalama yalichezewa katika aina 64 za magari, mengine kwa miongo mitatu.

Vumbi la Safari

Mbio za magari za Safari Rally zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi zilihesabiwa kuwa ngumu kuliko zote duniani. Hazikuwa mbio za dakika chache msituni kama za Ulaya. Zilikuwa maelfu ya kilomita za barabara zilizo wazi kwa watu na mifugo, mawe, tope la masika, mito iliyofurika, na magari yaliyovishwa vyuma mbele na bomba la kupumulia juu ya boneti ili yavuke maji.

Rekodi ya dereva mmoja ni ya Mkenya Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote ndani ya Datsun. Toyota ilichelewa. Ushindi wake wa kwanza ulipatikana 1984, Mswidi Björn Waldegård akiendesha Celica. Mwaka uliofuata Mfini Juha Kankkunen alishinda katika Safari yake ya kwanza kabisa. Waldegård akarudi 1986, kisha 1990 akashinda tena akiwa na miaka 46, rekodi ya mshindi mwenye umri mkubwa katika mbio za dunia iliyodumu mpaka Sébastien Loeb alipoivunja Monte Carlo mwaka 2022 akiwa na 47.

Lakini mwaka wa kutajwa kwa sauti ni 1993. Kankkunen wa kwanza, Markku Alén wa pili, Mkenya Ian Duncan wa tatu, Mjapani Yasuhiro Iwase wa nne: Celica nne zikiongoza orodha, hakuna gari jingine kati yao. Mwaka uliofuata Duncan mwenyewe akashinda nyumbani, na 1995 Yoshio Fujimoto akawa Mjapani wa kwanza kushinda Safari.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa kwenye ratiba ya dunia, ikarejea 2021 kwa umbo jingine, kandokando ya Ziwa Naivasha, na kilomita za mashindano zisizofika 400. Kilichosalia ni mawe na lile vumbi laini la fesh-fesh linalomeza gurudumu. Toyota imeshinda zote kuanzia 2021 hadi 2025: Sébastien Ogier mara mbili, Kalle Rovanperä mara mbili, Elfyn Evans mara moja. Mwaka 2022 na tena 2023 ilichukua nafasi nne za kwanza. Rovanperä alishinda ile ya 2022 akiwa na miaka 21, na Oktoba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote, siku moja baada ya kutimiza 22.

Je, nne bora za 2022 ni sawa na nne bora za 1993? Kwa maoni yangu, hapana. Magari ya sasa yana kasi zaidi na madereva ni hodari vilevile, lakini kuzifikisha Celica nne salama katika Safari ndefu ya zamani kulihitaji chuma cha namna nyingine, na mafundi wa namna nyingine pia. Wanaoshangilia ushindi wa sasa wana haki yao. Ninachoomba ni kwamba ule wa 1993 usisahauliwe.

Le Mans nayo ilikuwa na kisa chake. Toyota ilianza kushiriki mbio hizo za saa 24 za Ufaransa mwaka 1985, ikawa inarudi na nafasi ya pili. Mwaka 2016 Kazuki Nakajima alikuwa anaongoza, zimebaki dakika chache sana, gari likaishiwa nguvu. Lilisimama kwenye mstari wa kumalizia wakati mzunguko wa mwisho ndio unaanza, mbele ya macho ya timu yake, na Porsche ikapita. Sijui kushindwa kuchungu zaidi ya kule katika michezo ya magari. Miaka miwili baadaye Nakajima huyohuyo, pamoja na Sébastien Buemi na Fernando Alonso, alishinda, na Toyota ikashinda miaka mitano mfululizo, 2018 hadi 2022.

Gari linalorudi

Jina la zamani kuliko yote ambalo Toyota bado inalitumia ni Land Cruiser. Gari hilo lilipotoka 1951 liliitwa Toyota BJ, na katika majaribio ya mwaka huo dereva Ichiro Taira alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Polisi wa Japani waliona, wakaagiza. Jina la sasa lilikuja 1954, na kufikia 2019 yalikuwa yameuzwa zaidi ya milioni 10.

Mume na mke kutoka Uswisi waliondoka nyumbani 1984 wakiwa na Land Cruiser ya 1982, wakaendelea kusafiri nayo kwa miongo, nchi zaidi ya 180 na zaidi ya kilomita 700,000, hata Guinness ikawaandika kwa safari ndefu kuliko zote za gari. Huko Marekani, pikapu ya Toyota aina ya Tundra ilifikisha maili milioni moja kwa miaka tisa, injini yake ikiwa ileile ya kiwandani; kampuni iliichukua ikaichunguze, ikampa mwenyewe mpya.

Tanzania Land Cruiser za kifahari ziliitwa mashangingi, zikawa alama ya ukubwa serikalini, na wananchi wana haki ya kuuliza gharama zake. Ila gari ninalolisifu hapa ni jingine: lile la Series 70, lililoanza kutengenezwa 1984 na bado linatengenezwa, sura yake ikibadilika kidogo tu. Linaunganishwa Mombasa. Gereji za Arusha hulikata chasisi na kulirefusha, zikaweka paa la kufunguka, likapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro msimu baada ya msimu.

Machi 2021 gari la ukoo huohuo liliweka rekodi ambayo haikushangiliwa uwanjani. Toyota na B Medical Systems ya Luxembourg walifunga jokofu la chanjo la lita 396 nyuma ya Land Cruiser 78, na Shirika la Afya Duniani likaliidhinisha, gari la kwanza la kusafirisha chanjo kwa baridi kupata idhini hiyo. Linabeba takriban pakiti 400 za chanjo. Jokofu hujichaji gari likitembea, na injini ikizimwa linahifadhi baridi kwa saa 16 kwa betri yake lenyewe, muda unaotosha kulaza gari kwenye zahanati isiyo na umeme na kuendelea na njia asubuhi.